Mstari wa Mzee Ramesh

Mwanamke aliyebisha hodi Jumamosi ile sikumfahamu. Alikuwa mama wa Kihindi, mfupi, mzee, amevaa koti zito juu ya sari, na maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka pindoni mpaka kizulia cha mlangoni kikaloa. Mkononi alishika kopo la chuma lenye mfuniko. Lifti ya jengo letu ilikuwa imeharibika tena, kwa hiyo alikuwa amepanda ngazi, na kwa muda alisimama tu akihema na kunikagua usoni, kama mtu anayelinganisha picha na mwenyewe.

"Wewe ndiye Shiku," alisema kwa Kiswahili. "Daktari wa mawe."

Nilimwambia kuwa mimi ni Shiku, ndiyo, lakini si daktari wa kitu chochote.

"Mama yako yuko? Mwambie Pushpa wa Neasden amekuja. Nimemletea chevda ya kutafuna na chai. Ametutupa kabisa, huyu dada."

Nyuma yangu, sebuleni, nguo za mama zilikuwa zimetandazwa kwenye kochi na sakafuni. Nilikuwa nikizipanga kwenye masanduku ya kupeleka kanisani, kwa sababu akina mama wa kanisa letu hapa Lewisham walikuwa wamenikumbusha kwa upole kwamba miezi inapita na kuna watu wanaolala na baridi. Pushpa alichungulia juu ya bega langu. Akaziona sare za kazi, zile za buluu, zimekunjwa juu ya rundo. Alielewa kabla sijafungua mdomo. Akaketi palepale mlangoni, kwenye kiti cha kuvulia viatu, kopo likiwa mapajani.

Nilimweleza kwa ufupi. Mama alianguka jikoni mwezi wa Novemba, asubuhi, akijitayarisha kwenda kazini. Moyo. Tulimsafirisha nyumbani, akazikwa Molo karibu na wazazi wake, nami nikarudi London peke yangu. Pushpa alisema kwamba wao waliambiwa tu na ofisi ya mama kuwa Jedidah haji tena na atatumwa mwingine. Walidhani amechoshwa na safari ya kuvuka mji mzima. Mume wake alinuna siku nyingi, akisema kwamba hata kuaga hakuaga. Mwishowe Pushpa alikumbuka kuwa mwanawe, Ajay, aliwahi kumrudisha mama kwa gari siku ya mgomo wa treni, akamwomba amwonyeshe nyumba.

Mama alikuwa akiwahudumia wagonjwa majumbani mwao. Nilijua kwamba alikuwa na mgonjwa mmoja Neasden, mzee mwenye duka aliyezaliwa Kisumu, aliyemwita Jedidaben, yaani dada Jedidah, na kumsahihisha namna ya kupika dengu. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Nilimpikia chai. Alipofika nusu ya kikombe akaniuliza safari ya Olimpia ni lini mwaka huu.

"Safari gani, anti?"

"Yako. Ile mnaenda kila mwaka na chuo, kuchimba. Jedidah alisema mwaka huu utampigia mume wangu Ramesh simu ukiwa pale pale uwanjani. Aliahidi. Ndiyo nimekuja. Yeye hana muda mwingi, mtoto."

Nilisoma historia ya kale chuoni, hilo ni kweli, na mwaka wa pili niliandika insha ndefu kuhusu Olimpia. Lakini sikuwahi kufika huko. Ugiriki yenyewe sikuwahi kuikanyaga. Tangu nimalize masomo nilikuwa nikiuza simu katika duka moja la Lewisham, na jioni nikituma maombi ya kazi ambayo majibu yake yalifanana yote. Na mama, ambaye mbele yangu aliuliza kila mara kama hayo mawe yatanilisha, kumbe huko Neasden alikuwa amemjenga Shiku mwingine, daktari, anayepanda ndege kila kiangazi kwenda kufukua viwanja vya Wagiriki. Watoto wa Wakenya waliosoma tunalijua kidogo jambo hili. Mzazi akikaribishwa chai kwa watu, digrii yako inaanza kukua. Ila kwa kawaida hakuna anayekuja mlangoni kuidai.

Ningemwambia Pushpa ukweli palepale. Nilikuwa hata nimeanza. Kisha nikaliona lile kopo, chevda ya mtu aliyelala Molo, nikashindwa kumfanya mama mwongo mbele yake. Nilisema tu kwamba nitakuja kumwona mzee.

Nilikwenda kesho yake. Duka lao lilikuwa kwenye mtaa ulio nyuma ya hekalu kubwa la Kihindu, lile la mawe meupe, na mvua ilikuwa imelifanya hekalu lote kuwa na rangi ya majivu. Ajay alikuwa nyuma ya kaunta, mwanaume wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa akielewa kila neno la Kiswahili alilosema mama yake, na hakujibu hata moja kwa lugha hiyo. Aliniambia kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba amekwisha kumwonyesha baba yake video zote za Olimpia zilizo mtandaoni, hata zilizopigwa kutoka angani, na mzee akasema yeye si kunguru.

Kabla hatujapanda ghorofani, Pushpa alinivuta nyuma ya kaunta.

"Angalia chini," alisema.

Sakafu ilikuwa ya vigae. Mahali anaposimama mwenye duka palikuwa na ufa kati ya safu mbili za vigae, na kando ya ufa huo vigae vilikuwa vimelika katika sehemu mbili, moja mbele kidogo ya nyingine, kila moja na upana wa mguu. Miaka yote aliyouza maziwa na magazeti, Pushpa alinieleza, Ramesh alikuwa akisimama hivyo: mguu mmoja mbele kidogo, vidole vimeshika ufa kupitia ncha ya ndala, na dukani pakiwa hapana mtu, mikono miwili imenyooshwa mbele kana kwamba anataka kuiruka kaunta. Ndivyo walivyosimama wakimbiaji wa Olimpia, kwenye mstari wa jiwe uliochongwa mifereji miwili ya kushikia vidole vya miguu. Watoto wa mtaa walimjua. Walikuwa wakifungua mlango, wanampigia filimbi, kisha wanakimbia.

Mimi nilikuwa nimeandika juu ya mifereji hiyo katika insha yangu. Niliinakili kutoka kwenye kitabu.

Mzee Ramesh alikuwa amelala kwa kuegemea mito, mdogo kuliko nilivyotazamia, na mashine ya hewa ikinguruma kando yake. Macho yake yalikuwa maangavu kabisa.

"Pole kwa Jedidaben," alisema kabla hata sijaketi. Akatafuta pumzi. "Mimi nilimkasirikia bure. Mwambie..." Akakoma, akageuza uso dirishani.

Hadithi yake niliipata kwa vipande, kila kipande na pumzi yake. Kisumu, shuleni, hakuna aliyemshinda katika mbio fupi. Mwalimu mmoja aliwasomea habari za Olimpia: kwamba hapo mwanzo palikuwa na mbio moja tu, kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, na mshindi wake aliipa jina miaka minne yote iliyofuata, kwamba wa pili hakupewa kitu, kwamba kabla ya kukimbia waliapa mbele ya Zeu, mungu wao mkuu, juu ya nyama ya dhabihu, kuwa hawatadanganya. Ramesh mtoto wa muuza nguo aliwaambia wenzake kwamba yeye ataukimbia uwanja huo. Kisha ukaja mwaka wa sitini na nane, mwaka ambao Wahindi wenye pasi za Uingereza walikuwa wakikimbilia ndege kabla nchi hiyo haijawafungia milango. Uwanja wa ndege aliwaambia tena rafiki zake: London ni karibu na Ugiriki, nitakwenda kiangazi cha kwanza. Duka halikufungwa kiangazi hicho, wala kilichofuata. Wakati mmoja walikwisha kukata tiketi, ikaja korona. Baada ya korona yakaja mapafu.

"Nataka mtu akanyage," alisema. "Miguu mitupu. Vidole ndani ya jiwe. Akimbie mpaka jiwe la pili bila kusimama. Halafu aniambie. Si vile kitabu inasema. Vile mguu unasema. Na uniambie kwa Kiswahili, kwa sababu mimi nilikuwa nakimbia kwa Kiswahili."

Nilimkumbusha kwamba enzi zile mwanamke mwenye mume akikutwa uwanjani alikuwa akitupwa kutoka mlimani.

"Wewe una mume?"

"Sina."

"Basi kimbia kabla hujapata."

Pushpa alimpiga kofi dogo la mkono. Mzee alicheka mpaka ikambidi afumbe macho na kuiacha mashine imfanyie kazi. Alipofumbua hakuwa akicheka tena.

"Lakini usinidanganye. Hapa wote wananidanganya. Daktari, Ajay, huyu mama. Leo unaonekana vizuri, leo una rangi. Kama hujafika, sema hujafika. Kama hujakimbia, sema. Hiyo tu. Utaniahidi?"

Nilimwahidi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, sikuweza kuondoka na jambo la mama kifuani. Nilianza kusema kwamba kuna kitu alichowaambia kuhusu mimi ambacho si kweli hasa. Aliinua kidole.

"Binti, mimi nimeuza dukani maisha yangu yote. Wiki moja ulikuwa msaidizi. Wiki ya pili mwalimu. Diwali ulikuwa daktari. Nilijua. Nilimwacha aseme, ilikuwa dawa nzuri kuliko hizi."

"Ulijua?" Pushpa alimgeukia. "Na mimi nimeambia hekalu nzima."

"Lakini aliposema utakwenda," mzee aliendelea, akinitazama mimi, "hapo hakuwa anasifu. Hapo aliweka chini kijiko, akaniangalia. Hapo nilimwamini."

Nilirudi Lewisham nikiwa nimesimama kwenye treni iliyojaa, na njia nzima nilikuwa nikikiwaza kijiko hicho. Yote aliyosema mama juu yangu yalikuwa yamepita kiasi, isipokuwa hili moja, na hili moja lilikuwa bado linaweza kuwa kweli.

Wiki hiyohiyo lilikuja jibu ambalo halikufanana na mengine. Makumbusho moja ya hapa mjini, niliyoipenda tangu mwaka wa kwanza, ilinitaka nifike Alhamisi ya wiki iliyofuata kwa majaribio ya kazi: nisimame mbele ya watoto wa shule, niwafundishe kwa vitu halisi, na jopo likitazama. Hii ndiyo kazi niliyokuwa nikiiota nilipokuwa nikifunga vioo vya simu za watu. Nilihesabu siku. Ningeondoka Jumatatu, Jumanne niwe Olimpia, Jumatano jioni nirudi, Alhamisi nisimame mbele ya watoto nikiwa na udongo wa Olimpia bado kuchani. Niliona kama mama amenipangia mwenyewe. Nikakata tiketi.

Dhoruba ilifika kabla yangu. Basi la kutoka Athene lilipita kwenye mashamba ya michungwa yaliyojaa maji, na mji mdogo wa Olimpia ulikuwa kimya, maduka ya vinyago yamefungwa kwa msimu wa baridi, paka wamejikunja chini ya meza za mikahawa. Nilitembea hadi kwenye magofu nikiwa na mkoba mgongoni. Kwenye geti palikuwa na mnyororo na karatasi ndani ya plastiki. Mlinzi, mwanamke mwenye koti la mvua lililomzidi, aliniambia kwa Kiingereza kwamba upepo umeangusha misonobari juu ya njia na hakuna anayeingia mpaka iondolewe. Labda kesho.

Kesho yake misumeno ilikuwa ikilia ndani. Mlinzi aliponiona alitikisa kichwa kabla sijamfikia. Labda kesho, alisema tena, na safari hii alinitazama kwa huruma, maana hapakuwa na mgeni mwingine aliyesimama pale. Basi la kunirudisha Athene lilikuwa linaondoka mchana.

Nilisimama chini ya turubai la duka lililofungwa, nikampigia Pushpa. Alisema mzee analala sana tangu jana, nesi amekuja mara mbili. Nilimwambia kuhusu miti. Nikasikia mlango unafungwa polepole, na sauti yake ikashuka.

"Shiku, mwambie tu umekimbia. Wewe umesoma, unajua hayo mawe. Mwambie maneno mazuri, halafu rudi kwa kazi yako. Hata mimi usiniambie."

Maneno nilikuwa nayo. Insha yangu ilikuwa imejaa maneno. Ningeweza kumpa lango la mawe, nyasi, baridi ya mfereji kwenye vidole, na angeondoka duniani akiwa na kitu alichokitaka tangu utotoni. Sikuona kwamba ingekuwa dhambi kubwa. Mama angelifanya bila kupepesa macho, na angelifanya kwa ufasaha, na kwa mgonjwa mwingine yeyote pengine angekuwa sahihi. Lakini huyu mmoja alikuwa ameomba kitu kimoja.

"Nipe mzee," nilisema.

Nilisikia mashine kwanza. Halafu yeye.

"Umefika?"

"Bado, mzee. Geti limefungwa. Miti imeanguka njiani."

Mashine ilinguruma kwa muda mrefu. Nilifikiri amelala.

"Basi nangoja," alisema.

Hakuuliza mpaka lini. Pushpa akaichukua simu na kuikata bila kuaga, na sikumlaumu. Kwa kusema ukweli nilikuwa nimemwongezea mgonjwa kazi ya kungoja.

Kisha nikapiga simu makumbusho. Mwanamke aliyepokea alikuwa mwema, na wema wake ulinichoma zaidi kuliko ukali. Aliniambia watoto wanakuja kwa basi kutoka shuleni, jopo limekwisha kupangwa, siku haiwezi kusogezwa, na yupo mwombaji mwingine aliyekuwa akisubiri nafasi. Aliniuliza kama ni msiba. Ningeweza kusema ndiyo. Nilisema hapana, nimemwahidi mtu kitu. Alinitakia kila la heri. Basi la mchana lilipita mbele yangu likirusha maji, nami niliegemea shata la lile duka na kulia, si kwa sauti, mpaka paka mmoja akaja kukaa juu ya kiatu changu.

Alhamisi asubuhi mnyororo haukuwepo. Mlinzi alinipungia mkono kutoka kibandani. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kuganda hewani, na nilikuwa peke yangu katika eneo zima. Nilizipita nguzo za ukumbi wa mazoezi, ambako walijipaka mafuta na kupigana mieleka. Nililipita hekalu la Zeu. Nguzo zake zilianguka zamani katika tetemeko na vipande vyake vimelala kwa mpangilio uleule vilivyoanguka nao, kama mkate uliokatwa ukaachwa mezani. Mbele ya hekalu la Hera, mke wa Zeu, palikuwa na mabaki ya altare, mawe ya chini, meusi kwa maji, ambapo siku hizi huwasha mwenge wa michezo. Kila mahali palinukia utomvu wa misonobari iliyokatwa. Nilijua jina la kila kitu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na sura niliyoidhani.

Njia ya kwenda uwanjani inapita kando ya safu ya vitako vya mawe, vitupu. Hapo zamani juu yake palisimama sanamu za shaba za Zeu, zilizotengenezwa kwa faini za wanamichezo waliodanganya, na majina yao yalichongwa chini. Ziliwekwa hapo makusudi, hatua chache kabla ya lango, ili kila mkimbiaji azipite akienda kukimbia. Nilizipita polepole. Wakati huo huko London watoto wa shule walikuwa wanaketi chini mbele ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine, nilijiambia, huenda aliihitaji kazi ile kuliko mimi. Sikuweza kuamini hivyo kabisa, lakini nilijiambia.

Kupita chini ya tao la mawe ndiko kuingia. Uwanja wenyewe ni shamba. Hakuna ngazi za mawe, hakuna viti, ni miteremko ya nyasi tu pande zote na katikati udongo mrefu wa rangi ya kijivu uliojaa madimbwi. Nilisimama nikamsikia mama kabisa: Yaani Shiku, nimekusifia kwa watu kwa ajili ya hii? Nilicheka peke yangu, na kicheko hakikufika mbali.

Nilivua viatu na soksi, nikaviweka kando, nikampigia Pushpa.

"Haongei leo," alisema. "Tangu usiku. Lakini sema. Nimeweka simu kwa sikio."

"Mzee Ramesh," nilisema. "Ni Shiku. Nimefika. Niko kwenye mstari. Jiwe ni jeupe, limelika kingo. Mifereji ilikuwa na maji na majani ya misonobari, nimeyatoa kwa kidole. Sasa nimeweka vidole. Baridi, mzee. Baridi ya kuuma. Lakini mfereji unashika. Unashika kweli."

Nikakimbia na simu mkononi. Mimi si mkimbiaji, ijapokuwa kila Mwingereza akisikia Kenya huniuliza habari za mbio. Udongo wa mwanzo ulikuwa mgumu, kisha ukawa tope, na chini ya tope changarawe. Nilipovuka nusu kifua kilikuwa kinawaka. Nilijivuta mbele kidogo, kitu kikanichoma chini ya unyayo, nikasimama. Nilipumua nimeinama. Kilichobaki nilikitembea, na jiwe la pili nililikanyaga kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni.

Niliinua simu. Kwenye jiwe nilikuwa nimesimama. Kwamba nimefika haikuwa uongo.

"Mzee," nilisema, "pumzi iliniishia. Nilisimama njiani nikamalizia kwa kutembea. Hii siyo. Narudi mwanzo."

"Shiku, inatosha," sauti ya Pushpa ilisema kwa mbali. "Amesikia. Inatosha, mtoto."

Nilikuwa nimekwisha kugeuka. Nilirudi kwa kuchechemea, nikiacha alama ndogo nyekundu kwenye tope kila nilipokanyaga kwa mguu wa kulia. Nilimweleza mzee jambo hilo pia, kwa kuwa mguu ndio uliokuwa ukisema. Nilifika mwanzo, nikaviingiza vidole tena ndani ya mifereji, na safari hii nilisimama kama nilivyoonyeshwa na sakafu ya Neasden: mguu mmoja mbele kidogo, mwili umeinama, mikono miwili imenyooshwa.

"Niko kwenye mstari," nilisema.

Nikamsikia Pushpa akivuta pumzi.

"Ngoja," alisema. "Vidole vyake."

"Vya mkono?"

"Vya miguu. Chini ya blanketi. Amevikunja, Shiku. Ameshika blanketi."

Nilimpa muda. Hakuna aliyetupigia filimbi. Mvua ilikuwa ikiendelea, na juu mlimani mtu aliwasha msumeno kisha akauzima.

Nilikimbia polepole kuliko mara ya kwanza. Nilikanyaga tope, nikakanyaga changarawe, nikapita pale niliposimama mwanzo, alama yangu nyekundu ikiwa bado ipo. Nilikuwa nikilia au ilikuwa mvua, sikujali. Kifua kiliwaka tena palepale na sikusimama. Miguu ilikuwa haina mbio yoyote, mtoto yeyote wa Kisumu angenipita, lakini haikusimama, na jiwe jeupe lilikuja likipanda na kushuka mpaka likawa chini yangu.

Niliketi juu yake. Ilinichukua muda kupata sauti.

"Nimefika, mzee. Bila kusimama."

Kwenye simu palikuwa na mngurumo wa mashine tu, na pumzi, yake au ya Pushpa. Sikuuliza. Nilijipangusa uso, nikaanza tangu mwanzo, kwa Kiswahili, kama nilivyoahidi. Nilimwambia jinsi mguu wa kushoto ulivyotoka kwanza kwenye mfereji na wa kulia ukakataa kidogo. Kwamba mwanzo ardhi inasukuma, katikati inavuta, na karibu na mwisho, upande wa kulia, kuna mahali ambapo udongo ni laini na hauumi hata kidogo.